Kabla Hamjafika Getini: Mafunzo Niliyopata Nikipanga Safari za Hifadhini

Ukiishi Arusha, hata kama hufanyi kazi ya utalii, ndugu na jamaa watakufanya mtaalamu. Shangazi wa Tanga anapiga simu kuuliza kama Desemba inafaa kwenda Serengeti. Kikundi cha kikoba cha Mwanza kimechanga mwaka mzima na sasa kinataka kujua kianzie wapi. Mdogo wako anayeishi Uingereza anakuja na mke na watoto, siku zenyewe chache, na anataka waone kila kitu. Kwa miaka mingi nimewapangia watu wangu safari hizi, nikifuatana nao kila ninapopata nafasi, na nimekaa sana na madereva waongoza watalii nikisikiliza wanayoyasema wageni wakishalala. Haya ndiyo ningependa kila familia iyajue kabla ya kutoa shilingi ya kwanza. Hifadhi hizi ni zetu, na inaniuma kwamba wengi wetu bado tunaziona kwenye televisheni tu.

1. Fedha hailiwi na kiingilio, inaliwa na gari

Swali la kwanza ninaloulizwa karibu kila mara ni hili: kiingilio shilingi ngapi? Kwa raia wa Tanzania na wa nchi nyingine za Jumuiya ya Afrika Mashariki, Serengeti mtu mzima amekuwa akilipa shilingi 10,000, ukiongeza VAT ya asilimia 18 inakuwa 11,800. Mikumi ni nusu ya hapo. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 analipa shilingi 2,000 kabla ya kodi, na aliye chini ya miaka 5 halipiwi. Viwango hupitiwa mara kwa mara, kwa hiyo hakikisha vya mwaka unaosafiri, lakini picha ndiyo hiyo: kiingilio hakimzuii mtu mwenye kipato cha kawaida.

Kinachomzuia ni gari. Land Cruiser ya kukodi, yenye dereva, mafuta na paa la kufunguka, inakula laki kadhaa kwa siku, na inakula kiasi hicho hicho wakiwemo wawili au wakiwemo saba. Ada ya kushuka ndani ya kreta ya Ngorongoro nayo hutozwa kwa gari, si kwa kichwa. Ndiyo maana nikiombwa ushauri sianzi na hoteli. Naanza kwa kuuliza: mko wangapi? Wakiwa watatu, nawaambia watafute wengine watatu wanaopatana nao, wanaoamka mapema na wasiogombania madirisha. Sita ni idadi nzuri, kila mtu anakaa dirishani na mizigo inapata pa kukaa. Hesabu ya gari ikishagawanywa kwa sita, watu waliokuwa wamekata tamaa huanza kutaja tarehe.

Gari lako mwenyewe linaruhusiwa. Mikumi wakati wa kiangazi watu huingia na magari madogo ya kawaida na kuzunguka vizuri tu. Kreta ni habari nyingine, pale wanataka gari linalovuta matairi yote manne. Na popote penye udongo mweusi wa mfinyanzi, mvua ikinyesha usiku mmoja tu, gari dogo litakwama na siku yako itaishia hapo.

2. Anza na hifadhi iliyo karibu na kwenu

Wale akina mama wa kikoba cha Mwanza walikuwa wameshaulizia nauli ya basi la Arusha. Niliwaambia wasipande basi lolote. Lango la Ndabaka la Serengeti liko kando ya barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, na ukitokea upande huo unaingia hifadhini moja kwa moja. Anayetokea Arusha kwa njia ya kawaida hupita ndani ya eneo la Ngorongoro, na hata kama anapita tu, analipa Ngorongoro kwanza, halafu analipa Serengeti. Kwa mtu wa Kanda ya Ziwa, kuzunguka mpaka Arusha ili akaione Serengeti ni kulipia barabara.

Wa Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma wana Mikumi. Tangu Juni 2024 treni ya umeme inafika Morogoro, na kutoka hapo ni lami hadi hifadhini. Barabara kuu yenyewe inakatiza katikati ya Mikumi, kiasi kwamba abiria wa mabasi ya Iringa na Mbeya huona twiga na tembo bila kulipa chochote. Lakini kupita si kuingia: bonde la Mkata, ambako nyati, nyumbu na simba wanakaa, linataka ukate kona uingie ndani. Ukiwa unaendesha mwenyewe barabarani pale, fuata kikomo cha mwendo, maana kumgonga mnyama kuna faini kubwa.

Watu wa Tanga na Bagamoyo wana Saadani, hifadhi inayogusa bahari. Ndugu zetu wa Mombasa wana Tsavo Mashariki, na tangu reli mpya ianze mwaka 2017 mtu anaweza kushuka Voi akawa karibu na lango kabisa. Tembo wa kule ni wekundu kwa ajili ya udongo wanaojipaka, na watoto hupenda sana kuwaona.

3. Msikusanye mageti

Hili ndilo somo ninaloligombania kuliko yote. Watu wanataka Tarangire, Manyara, Ngorongoro na Serengeti kwa siku tatu, kwa sababu kwenye ramani zinaonekana zimepangana. Kutoka Arusha mpaka Seronera, katikati ya Serengeti, ni zaidi ya kilomita 300, na baada ya lango la Ngorongoro lami inakwisha. Ni saa saba au nane za kukaa kwenye gari, vumbi likiingia kila mahali, na ukitaka kurudi ni saa hizo hizo tena. Mwenye siku tatu akienda na kurudi Serengeti, siku mbili zinaliwa na barabara.

Wanyama nao wana saa zao. Simba hutembea alfajiri na jioni, na saa sita mchana amelala chini ya mti na unachoona ni mkia tu. Tembo hushuka mtoni jua likiwa kali. Chui anapenda miegea na migunga mikubwa ya kando ya mto Seronera, na kumwona kunataka macho ya dereva na subira ya abiria. Ukiwa unakimbilia hifadhi nyingine, zile saa nzuri zote mbili zinakukuta barabarani.

Nakumbuka safari moja na binamu yangu na wanawe. Dereva alizima gari karibu na kichuguu ambacho duma jike alikuwa amekaa juu yake, watoto wake wawili wakiwa chini kwenye nyasi. Gari la kwanza lilikuja, watu wakapiga picha, likaondoka. La pili hivyo hivyo. Mtoto wa binamu akaanza kuuliza, "Simba tutamwona saa ngapi?" Dereva akamjibu kwa upole, "Subiri kidogo, mwanangu, huyu ana njaa." Tulikaa pale zaidi ya saa nzima. Duma alikuwa anatazama upande mmoja tu, na ilituchukua muda kutambua kwamba mbali kule kulikuwa na swala tomi wanakula. Akashuka kichuguuni polepole, tumbo likigusa nyasi, akisimama kila swala alipoinua kichwa. Alipofyatuka, yule mtoto alinishika mkono akauminya. Swala alikata kona mara mbili, akapona. Duma akarudi akihema, mbavu zikipanda na kushuka, akawaita wanawe kwa mlio mwembamba kama wa ndege, nao wakatoka mbio walikojificha.

Hakuna aliyeuliza habari za simba siku ile. Jioni kambini watoto walikuwa wanabishana kama yule duma angefanikiwa kama angesubiri kidogo zaidi. Hilo haliuzwi kwenye orodha ya mageti.

Kwa hiyo ushauri wangu: mwenye siku mbili, hifadhi moja. Mwenye siku tatu kutoka Arusha, Tarangire na Ngorongoro zinatosha, na alale Karatu katikati. Serengeti ipewe angalau usiku mbili ndani yake, tatu ikiwezekana. Kama fedha haziruhusu, subirini mwaka mwingine. Serengeti imekuwa hifadhi tangu 1951, itakuwepo.

4. Kalenda ya mvua na kalenda ya shule

Nyumbu hawana hifadhi moja wanayokaa, wanafuata mvua na majani mabichi. Januari mpaka Machi wako kusini, kwenye nyanda za Ndutu, na Februari ndipo wanapozaa kwa wingi. Kuanzia Mei na Juni wanaelekea magharibi, upande wa mto Grumeti. Julai mpaka Oktoba makundi makubwa yako kaskazini, wanavuka mto Mara kwenda na kurudi Kenya. Novemba na Desemba, mvua za vuli zikianza, wanashuka tena kusini. Hii ni desturi yao, si ratiba ya basi. Mvua ikichelewa, nao huchelewa.

Familia zenye watoto wa shule zina Juni na Desemba. Juni ni nzuri: mvua za masika zimekwisha, njia zinapitika, na Tarangire tembo wameanza kujikusanya mtoni, ingawa kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Desemba barabara zina matope hapa na pale, lakini nchi ni ya kijani, na nyumbu huweza kukutwa njiani kusini mwa Seronera bila kuwafuata mbali.

Aprili na Mei ni masika. Baadhi ya kambi hufungwa, na barabara nyingine hazipitiki. Lakini hoteli zilizobaki wazi hushusha bei sana, na nyingi zina bei maalumu ya raia ambayo haitangazwi. Ni lazima uiulize kwa mdomo wako. Kwa wanandoa wawili wasio na watoto wa kuhangaikia, na wenye gari imara, nimewashauri masika zaidi ya mara moja na wamerudi wakishukuru.

5. Kitambulisho, kadi na pasipoti

Getini ndiko wengi hukwama, na wanakwama kwa vitu vidogo.

Ili ulipe bei ya raia, lazima uthibitishe uraia. Kila mtu mzima awe na kitambulisho cha taifa au pasipoti mkononi, si picha ya zamani kwenye simu ya mtu aliyebaki nyumbani. Kwa watoto beba nakala za vyeti vya kuzaliwa, kwa sababu umri wao ndio unaoamua kiwango. Fedha taslimu hazipokelewi kwenye mageti. Malipo yanafanyika kwa namba ya malipo kupitia benki au simu, au kwa kadi, na ni vizuri yakamilike kabla ya kufika, maana mtandao wa simu kwenye baadhi ya malango si wa kutegemea. Kenya nako malipo ya hifadhi za taifa yanapitia mfumo wa serikali wa mtandaoni, eCitizen.

Familia zenye watu wa nje zinahitaji kukaa chini na kusema ukweli mapema. Ndugu aliyechukua uraia wa Uingereza au Canada anaingia na pasipoti ya kule, na Serengeti kiingilio chake hakipungui dola 60 kwa siku kabla ya kodi. Mke wake mgeni hali kadhalika. Familia ya watu wanne kutoka nje kwa siku tatu inaweza kulipa kiingilio peke yake zaidi ya gharama zote za ndugu zao wa hapa. Nimeona jambo hili likizusha manung'uniko getini, mbele ya watoto, kwa sababu hakuna aliyelitaja nyumbani. Andikeni hesabu ya kila mmoja kwenye karatasi, jina kwa jina, kabla ya kulipa gari.

6. Maswali ya kuiuliza kampuni

Kampuni halali ya kusafirisha watalii Tanzania ina leseni ya biashara ya utalii, ambayo wengi huiita TALA. Iombe uione. Halafu omba bei kwa maandishi, ikionyesha kilichomo na kisichomo: viingilio na VAT, ada ya kulala ndani ya hifadhi, ada ya kreta, chakula, maji ya kunywa, posho na malazi ya dereva. Bei ikiwa ya chini kuliko za wote, huwa kuna kitu kimetolewa, na mara nyingi ni ada ya kreta au ni mafuta ya mzunguko wa jioni.

Kuna maswali mengine ambayo watu huona haya kuyauliza. Gari lina umri gani? Tairi za akiba ni ngapi? Paa linafunguka? Tukiharibikiwa, gari la pili linatoka wapi na linafika baada ya muda gani? Tutakuwa peke yetu au tutachanganywa na wengine? Mwenye kampuni nzuri hukujibu haraka, tena kwa furaha. Anayekuambia "usijali, kila kitu kipo" hajajibu swali.

Usitume fedha zote kwa namba ya simu ya mtu binafsi uliyemkuta mtandaoni, hata awe na picha nzuri namna gani za simba. Malipo ya awali yaende kwenye akaunti ya kampuni, na risiti ipatikane.

Vikundi vya shule, vya kanisa na vya msikiti viliulize moja kwa moja Shirika la Hifadhi za Taifa, TANAPA, kuhusu hosteli na mabanda yake. Yapo Seronera, yapo Mikumi na kwingineko, na bei yake inalingana na mifuko yetu. Yanajaa mapema wakati wa likizo.

7. Mwili, nguo na dawa

Ukingo wa kreta ya Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari. Watu wa pwani hawaamini baridi yake mpaka iwapate. Mama mmoja mtu mzima kutoka Tanga tuliyemchukua alikuja na kanga mbili na ndala. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hatukuona taa za gari lililotutangulia, naye meno yalikuwa yanagongana. Tulimvalisha soksi za dereva na sweta la mwanangu. Saa tatu baadaye, chini ya kreta, mita kama 600 chini ya pale, jua lilikuwa kali, naye akawa anaomba dirisha lifunguliwe. Siku moja inabeba hali zote mbili, kwa hiyo nguo zivaliwe tabaka kwa tabaka na zivuliwe kadiri joto linavyopanda.

Rangi nazo zina maana yake. Tarangire na sehemu za magharibi ya Serengeti kuna mbung'o, na mbung'o huvutwa na bluu iliyokolea na nyeusi. Kaki, kahawia na kijani kilichofifia zinafaa. Nguo za mabaka ya kijeshi zisifungwe kabisa, kwa raia ni kosa hapa Tanzania. Ndugu zetu wa Ulaya na Marekani hununua suruali hizo wakidhani ndizo nguo za porini, na ni vizuri waambiwe kabla hawajafunga mabegi. Mifuko ya plastiki nayo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, waibadilishe uwanja wa ndege wa kwao.

Malaria ipo katika sehemu kubwa ya hifadhi hizi. Aliyekaa nje kwa miaka mingi asijidanganye kwamba kwa kuwa alikulia Muheza mwili wake bado umeizoea, kinga ile hupungua mtu akiwa mbali. Watoto wake waliozaliwa kule hawajawahi kuwa nayo. Wamwone daktari kwao mapema wapewe dawa za kinga, na hapa walale ndani ya chandarua. Anayetoka Kenya, Uganda au Kongo awe na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Cheti huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo kuchanjwa jana hakusaidii.

Mwenye matatizo ya mgongo, na mama mjamzito, wasikae viti vya nyuma kabisa. Kule juu ya ekseli kila shimo linafika mwilini. Viti vya katikati vina afadhali kubwa. Kwa ujauzito, muulize daktari wako kwanza, na barabara ya Serengeti usiifanyie mzaha.

Halafu kuna kuchimba dawa. Hamtashuka garini popote mnapotaka, na vyoo viko getini, kambini na sehemu za kulia chakula tu, mbali mbali. Mwambie dereva mapema, usisubiri mpaka imekushika. Atatafuta mahali pa wazi, atazunguka na gari kuhakikisha hakuna kitu majanini, na ndipo atakuruhusu kushuka, nyuma ya gari palepale. Wasichana na akina mama wengi hujinyima maji siku nzima kwa kuogopa jambo hili, na jioni vichwa vinawauma. Beba kanga. Ni pazia, ni shuka ya asubuhi, ni kinga ya vumbi kichwani, ni kitambaa cha kufunika kamera, ni kitanda cha mtoto aliyesinzia. Katika vyote nilivyowahi kuwafungia watu, hakuna kilichotumika kuliko kanga.

Mnaoruka kwa ndege ndogo kwenda Seronera, mzigo ni kilo 15, mkoba wa mkononi ukiwemo, tena kwenye begi laini. Sanduku gumu halitaingia.

8. Chakula

Chakula cha boksi cha hotelini, kile cha yai, keki, na paja la kuku lililokauka, hakichukuliki siku tatu mfululizo, hasa kwa wazee. Familia inayopiga kambi ina uhuru wa kupika. Kambi za umma zina banda la kupikia, na kampuni nyingi zitakuletea mpishi kwa malipo ya nyongeza. Nunueni Karatu, sokoni, kwa sababu baada ya hapo kila kitu ni ghali au hakipo. Ndizi nzuri ziko Mto wa Mbu. Chapati na maandazi ya kukaanga usiku wa kuamkia safari hukaa vizuri siku mbili. Waislamu waiulize hoteli kuhusu nyama ya halali wakati wa kuweka nafasi, si wakati wa kukaa mezani, jikoni wakijua mapema hujipanga.

Ndani ya kreta, mahali pa kulia ni kando ya bwawa la Ngoitokitok, ambamo viboko wamelala. Kuleni ndani ya gari. Mwewe wa pale wamezoea watu, hushuka kutoka nyuma yako kimya na kunyakua kipaja mkononi, na kucha zao huchana. Nimeona mtoto akivuja damu kidoleni, analia zaidi kwa mshtuko kuliko kwa maumivu.

Kwenye hema usiweke chakula, hata pipi, hata ganda la ndizi. Kambi za Seronera hazina uzio. Usiku fisi hupita katikati ya mahema, utawasikia wakinusa, na mchana nyani hufungua zipu kwa ustadi. Kama hakuna chakula ndani, hawana shughuli na wewe. Ukitaka kutoka usiku, washa tochi kwanza, angalia pande zote, na umwamshe mwenzako.

9. Kaeni na dereva jioni ya kwanza

Dereva mwongoza watalii amekaa hifadhini miaka. Anajua mti ambao chui alizalia, na kwa redio anasikia kinachoonekana upande wa pili. Lakini hajui ninyi mnataka nini, na wageni wengi hawamwambii. Jioni ya kwanza mwiteni, mmpe chai, mzungumze: bibi hapendi kukimbizwa, kijana anataka ndege, watoto huchoka saa ngapi, nani anaswali na saa ngapi. Kubalianeni saa ya kuondoka asubuhi. Mimi nataka magari yawe yanatoka kambini saa 12 kamili, na chai inywewe baadaye, porini.

Msimlazimishe kutoka nje ya njia ili mpate picha ya karibu. Faini ni yake, na leseni ni yake. Wala msimsukume aongeze mwendo, Serengeti ni kilomita 50 kwa saa, na giza likiingia gari linatakiwa liwe kambini. Mwiteni kwa jina lake. Nimewasikia watu wetu wakimwita "wewe dereva" huku wageni wa gari la jirani wakimsalimia wa kwao kwa jina na kwa Kiswahili, na niliona aibu.

Bakshishi, au tipu kama wenyewe wanavyoiita, itengwe nyumbani kwenye bahasha yake, kila mmoja achangie. Mkiisubiri siku ya mwisho, fedha zitakuwa zimekwisha kwenye vinyago.

Na siku hiyo ya mwisho muulizeni kibali chenu kinakwisha saa ngapi. Kibali kinahesabu saa tangu mlipoingia, na mkipitiliza mnalipa upya. Kwa wanaorudi Arusha, pangeni kufika lango la Naabi na muda mkononi. Kuna vyoo, kuna duka, na kuna njia fupi ya kupanda kilima kwa miguu, ambayo watoto waliokaa garini siku nzima wataifurahia wakati dereva anamalizana na karatasi.